Uzi wa Bluu na Jina la Mwaitu

Jumatatu, 6 Oktoba

Shajara hii nilipewa bure kwenye duka la mbegu mwezi wa Januari, nikaitupa juu ya kabati. Leo nimeifuta vumbi kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Mume wangu Muindi yuko Kiboko, analinda geti la kituo cha utafiti wa mazao, na nikimpigia simu nasikia malori ya barabara kuu zaidi kuliko ninavyomsikia yeye. Mama mkwe, ambaye namwita Mwaitu, yaani mama, kama Muindi anavyomwita, haoni vizuri, na mtu asiyeona husikia hata usichosema. Anayebaki ni binti yetu Mutindi, naye ndiye mwenye habari.

Leo Ikutha joto ni la kuivisha yai juu ya bati. Katikati ya joto hilo akaja Ndunge, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusuka vyondo, vikapu vya katani, kunirudishia kiondo. Mistari ilitakiwa iwe ya bluu tupu, na alisema safu nzima ya katikati ni kijani.

"Kavindu, nini hii? Ulikuwa unasuka ukisinzia?"

Nikasema mtoto ndiye alinisaidia hapo. Mutindi alikuwa mlangoni, akanijibu mbele ya mgeni: "Mami, hiyo safu si yangu. Ni wewe ulifanya hiyo."

Nilimtolea macho mpaka akaingia ndani. Miaka kumi na mitatu na tayari ananiaibisha! Ndunge alicheka, akasema ndiyo sababu siku zote hunipa kazi ya nyeusi na kahawia. Ni kweli napenda rangi za udongo. Hizo nyingine zina kelele nyingi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ticha Kaloki ameniita shuleni. "Mama Mutindi, huyu msichana ni mvivu ama ni kiburi? Namwambia aandike ya ubaoni, yeye anaandika ya daftari ya jirani."

Nikamwambia tulimnunulia miwani mwezi wa nne. Akasema miwani anayo, iko juu ya pua, na bado.

Njiani kurudi nikamuuliza mtoto polepole. Akasema akiangalia neno, katikati yake panayeyuka. Akiangalia kando ya neno, linarudi. Nilimwambia aache hadithi. Sasa najuta, maana sauti yake haikuwa ya hadithi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mawingu yalikuja, yakatuangalia, yakaenda zao.

Jumanne, 14 Oktoba

Zahanati. Mhudumu wa macho alimfunika Mutindi jicho moja, kisha lingine, akambadilishia vioo mpaka akachoka. Kioo hakisaidii. Akaniuliza, "Kwenu kuna mtu mwingine haoni?"

Nilijibu kabla hajamaliza. "Susu yake, bibi mzaa baba. Mtoto ndiye aliyepewa jina lake."

Akaandika, akasema basi ni ya kurithi, twende Kitui kwa daktari tarehe ishirini na nane.

Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Mama mkwe ni Mutindi na mtoto ni Mutindi. Muindi humwita binti yake "mwaitu", na Mwaitu humwita "wajina". Watu husema jina haliji mikono mitupu, linakuja na mizigo yake. Mtoto anatembea akipinda mguu wa kushoto kama bibi yake, na anacheka akiziba mdomo kama yeye. Sasa na macho. Mbona sikuliona jambo hili mapema? Nilirudi nyumbani na jibu langu, na jibu lilikuwa limekaa jikoni likichambua mbaazi kwa vidole. Nilimsalimia na sikuweza kumtazama usoni.

Jumapili, 19 Oktoba

Niliropoka. Baada ya ibada wanawake waliniuliza habari za mtoto, nikawaambia habari za jina. Kufikia saa ya chai Mchungaji Kisilu alikuwa ameshasikia. Akaniita kando: "Mama, kuna majina yanayobeba vifungo. Tunaweza kuliombea hilo jina, limwachie mtoto."

Mchungaji si mtu mbaya. Mvua ilipotukataa mwaka juzi, yeye ndiye alizunguka nyumba kwa nyumba na unga. Nilimwambia nitaongea na Muindi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Muindi kwenye simu: "Jina la mamangu litolewe?" Lori likapita. "Fanya vile unaona." Lori lingine. Hiyo ni ndiyo ama ni hapana? Wanaume wa mbali huacha maamuzi mlangoni kama viatu.

Jumapili, 26 Oktoba

Tumefanya, na sijui tumefanya nini.

Mutindi aliitwa mbele. Mwaitu naye akaitwa, nikamshika mkono mimi mwenyewe kumpeleka. Mchungaji alieleza kwa upole kwamba hakuna anayemlaumu mzee, ni jina tu. Kuanzia leo mtoto ni Mercy, jina lake la ubatizo, na lile lingine tunaliacha madhabahuni. Akamuuliza Mwaitu kama amekubali.

Mwaitu hajui kunong'ona. Alisema kwa Kikamba, kanisa zima likasikia: "Kama jina langu ndilo linamla mtoto macho, lichukueni. Mimi nimeshalitumia vya kutosha."

Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina. Ilitoka ikiwa kavu.

Nyumbani mtoto akaniuliza, "Sasa mimi ni nani?"

"Wewe ni Mercy."

"Mercy ni wa rejista, Mami."

Kila jioni Mwaitu humwita, "Wajina, niletee maji ya kunawa." Leo ameita, "Wewe, mtoto wa Kavindu." Mtoto akapeleka maji, akarudi akakaa nyuma ya ghala la mahindi mpaka nikamfuata.

Jumanne, 28 Oktoba

Kitui mjini. Nitaandika mengi kwa sababu nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeyachanganya zaidi.

Daktari ni msichana, anaitwa Bushra, binti wa wale wenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Nilitaka kuuliza kama kuna mkubwa wake, lakini alitusalimia kwa Kikamba safi kuliko cha watoto wa siku hizi, nikanyamaza. Alimtia Mutindi dawa ya kupanua mboni, akachungulia kwa taa yake muda mrefu. Akampa vibao vidogo vya rangi avipange. Akasema mtoto amechanganya bluu na kijani kama anayechanganya kunde na mbaazi gizani.

Kisha akaniambia jicho lenyewe ni zima. Kilichochoka ni mshipa wa fahamu ulio nyuma yake, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Umepauka.

"Umepauka kwa nini?"

Akafikiri kidogo, akatoa simu. "Mama, nilipokuwa nasoma niliwahi kukaa maabara nikifuata jambo hili. Angalia hapa. Hii ni seli moja, kitu kidogo sana, mwili wako wote umejengwa nazo. Iko hai."

Niliona nyuzi. Nyuzi nyeupe kwenye giza, na zinatembea. Moja ilijivuta ikagusana na nyingine, zikawa moja. Pale pembeni moja ndefu ikabanwa katikati, ikakatika.

"Hizo ni minyoo?"

"Hapana, mamangu. Ni mitokondria. Ndizo zinazotengeneza nguvu ya seli. Kutwa nzima zinaungana na kukatana."

"Sasa si ziamue? Kama kuungana ni kuzuri, mbona zikatwe?"

Akacheka, lakini si kunicheka. Akasema zikikatwa tu bila kuunganishwa, zinakuwa vipande dhaifu. Zikiunganishwa tu bila kukatwa, zinakuwa fundo lisilofunguka. Kipande kikiharibika lazima kikatwe kitupwe. Seli ikitaka kujigawa mbili lazima zikatwekatwe ili kila upande upate. Na seli ikishikwa na njaa, inapunguza kukata, zinabaki ndefu ili zisiliwe na seli yenyewe.

"Na nani anaamua leo kukata, kesho kuunga?"

"Hakuna mmoja. Kuna protini za kuunga na protini za kukata, na seli inazisukuma huku na huku kulingana na hali."

Nyumba isiyo na mkubwa, nikawaza, na bado ugali unaiva. Lakini sikuelewa, na nikamwambia sijaelewa. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nasuka. Basi akaniuliza uzi wa katani ukikuishia katikati ya kusokota nafanyaje. Nikamwonyesha kwenye paja langu: unaweka nyuzi mpya juu ya mkia wa zile za zamani, unasokota pamoja, zinashikana. Hufungi fundo. Kwetu fundo kwenye uzi ni aibu, mwenye kiondo akilipapasa anajua wewe ni mvivu.

"Hiyo ndiyo kazi imepungua kwa mtoto," akasema. "Tulivyomwona, nafikiri maagizo ya protini moja ya kuunga yana kasoro. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo, moja ya mama, moja ya baba. Yake moja ni nzima na moja ni mbovu. Kazi inafanyika nusu. Tutatoa damu ipelekwe Nairobi tuhakikishe, lakini itachelewa."

Nikauliza kile kitu kinachonisumbua mpaka sasa. Kama kasoro iko mwili mzima, mbona vidole vyake vinasuka, miguu inakimbia, na macho tu ndiyo yanakufa? Akasema mshipa ule una kazi nyingi na unakula nguvu nyingi, kwa hiyo unakuwa wa kwanza kulia njaa. Akaongeza kwamba hata wao hawajajua yote. Sikuwahi kusikia daktari akisema hivyo. Sijui kama nimuamini zaidi ama nimuamini kidogo.

"Atakuwa kipofu?"

"Wengi wenye hali hii hawafikii giza kabisa. Inaenda polepole, mara nyingi inatulia. Lakini dawa ya kurudisha kilichopotea sina, sitakudanganya."

Nikamweleza habari za Mwaitu na jina. Aliinua kichwa. "Jina halipiti kwenye damu, mama. Lakini nileteeni Susu nimwone. Na wewe pia ningependa nikuchungulie, na baba."

Nikamwambia macho yangu ni mazima, naona mbuzi wangu ng'ambo ya mto, na gari la kurudi lilikuwa linaita abiria. Tukatoka.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua! Ilianza adhuhuri kwa vumbi, kisha matone ya kuuma, kisha mbingu ikamwaga. Mwaitu alitoa mikono nje ya mlango ikanyeshewa. Nilitaka kumwambia jambo, sikujua ni lipi.

Jumanne, 4 Novemba

Kupanda ndengu. Mgongo.

Alhamisi, 6 Novemba

Kupanda mbaazi na kunde. Nimemwomba Mwaitu twende Kitui. "Nikafanye nini? Nikaonyeshwe ubaya wangu kwa kioo?"

Jumatano, 12 Novemba

Ndengu zimeota vizuri. Nilimtuma mtoto kupalilia karibu na nyumba, nikarudi nikakuta mstari mzima wa ndengu umeng'olewa na magugu yamesimama yananiangalia. Nilinyanyua mkono. Yeye akawa anatazama kando ya uso wangu, pale ambapo sasa najua ndipo ananiona. Mkono ukashuka wenyewe. Tukazipanda upya zile zilizokuwa bado na mizizi, na ajabu, mvua ikazishika.

Jumamosi, 15 Novemba

Shule zimefungwa lakini anasoma, kitabu kikiwa kando ya shavu. "Mami, hapa wamechora mitokondria kama haragwe."

Nikaangalia. Haragwe kweli, limepasuliwa katikati, na mistari ndani. Mbona daktari alituonyesha nyuzi?

"Labda walichora siku imekatwa," akasema.

Nimekaa na jibu hilo mchana kutwa. Watu wamekariri haragwe, wamefanyia mtihani, wamepita, na kitu chenyewe hakikai umbo moja hata kwa muda wa kuhesabu mbuzi. Kuna mtu hapa duniani anayejua jambo likasimama palepale?

Jumapili, 23 Novemba

Mchungaji alimwita mtoto mbele tena. Akanyanyua vidole. "Mercy, ngapi?" Mtoto akageuza shingo kidogo kama kuku anayesikiliza. "Tatu." Vikawa vitatu. "Sasa?" "Tano." Kanisa likalipuka kwa vigelegele, Ndunge akanikumbatia mpaka kitambaa kikaanguka. Nililia. Nikasema amepona, ametoka kwenye kifungo, na zile nyuzi za kwenye simu ni mambo ya wasomi.

Nyumbani Mercy huyo huyo alimimina chai, ikapita kando ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka mapajani mwa bibi yake.

Mwaitu hakupiga kelele. Alijifuta. Akasema, "Nimetoa jina langu na bado anamwaga chai. Kavindu, nipeleke kwa huyo daktari. Nataka kujua ni nini nimekula cha mtoto huyu."

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua kubwa. Barabara imekatika, hakuna kutoka.

Alhamisi, 27 Novemba

Bado imekatika. Tumekula kunde za kwanza, majani laini. Muindi amepata ruhusa, atatukuta Kitui. Mwaitu ameosha kitambaa chake kizuri, kile anachokiita cha kwenda mahakamani.

Jumatano, 3 Desemba

Kitui. Wa kwanza alikuwa Mwaitu. Daktari Bushra alimwambia, "Susu, fungua macho nione ulichoficha," na Mwaitu akacheka, mara ya kwanza tangu Oktoba. Hakuchelewa naye. Akamgeukia Muindi.

"Mama yako ana mtoto wa jicho. Ni ukungu wa uzee kwenye kioo cha mbele. Jicho la kulia bado linanionyesha nyuma kidogo, na mshipa wake ni mwekundu, mzima, hata wa kijana unaweza kuuonea wivu. Huo ukungu unaondolewa kwa upasuaji. Na ugonjwa wa mtoto hautoki kwake."

Muindi alichunguliwa. Mzima.

Nilikuwa nimeshika mkoba wangu tayari kuondoka. Daktari akaweka vile vibao vya rangi mbele yangu, akanisukumia tu. Nikavipanga haraka, kazi ya mtoto mchanga, bluu huku, kijani kule. Nikamaliza nikainua uso nikitaka nisifiwe. Muindi alikuwa anaangalia meza. Baadaye akaniangalia mimi.

"Kavindu," akasema, "hizo umechanganya."

Nikaviangalia tena. Mimi sikuona kilichochanganyika. Mpaka sasa sijakiona. Nilimwambia anitanie siku nyingine. Akachukua kimoja, akachukua kingine, akaviweka pamoja mbele ya pua yangu, "Hii ni bluu, hii ni kijani," na vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Dawa ya mboni ilichoma. Taa ikaingia. Nilimsikia daktari akipumua karibu na shavu langu. Akaizima, akavuta kiti.

"Na wewe umepauka, mama. Si sana kama mtoto. Lakini ni kule kule."

Nilisema maneno ya kipumbavu. Nilisema naona mbuzi ng'ambo ya mto. Akasema ndiyo, mbuzi ni mkubwa. Akasema kasoro hiyo hiyo kwa mmoja inagonga sana na kwa mwingine inagusa tu, na kwa nini iwe hivyo, bado wanatafuta. Nikamuuliza nimeitoa wapi. "Kwa baba au kwa mama yako. Kuna aliyekuwa haoni?"

Hakuna, nikasema. Baba yangu, marehemu mzee Mulwa wa kule Tulia, alikuwa na macho yake mpaka kaburini. Alikuwa tu na kiburi. Tulia nzima ilimjua kwa kiburi, alipita watu sokoni bila kuwasalimu mpaka wao waanze, na mama yangu alikuwa akimgombeza kila Jumamosi kwa ajili hiyo...

Daktari alinipa karatasi ya kujifutia.

Alhamisi, 4 Desemba

Ile safu ya kijani ni mimi niliyeisuka. Mtoto alisema kweli mbele ya Ndunge nikamtolea macho, macho yenyewe haya.

Ijumaa, 5 Desemba

Baba hakuwa na kiburi. Alikuwa hatuoni. Sina pa kumwendea kumwambia.

Jumapili, 7 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Jumanne, 9 Desemba

Muindi haongei. Leo akiwa anarekebisha boma la mbuzi alisema bila kugeuka: "Kwa hivyo mamangu amepakwa tope bure." Nilijibu kwamba yeye alisema nifanye vile naona. Akasema, "Na kumbe haukuwa unaona." Tungeweza kugombana sana hapo, lakini tulijikuta tunacheka wote wawili, kicheko kibaya, na mimi nikaishia kulia juu ya mti wa boma.

Jumatatu, 15 Desemba

Mwaitu amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Amelala na bandeji kama shujaa wa vita.

Jumanne, 16 Desemba

Bandeji imetolewa. Aliangalia dirisha. Aliangalia mikono yake, pande zote, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Akaniangalia mimi.

"Kavindu. Umezeeka."

"Ndiyo, Mwaitu."

Kisha akamshika mtoto kidevu, akamwelekeza kwenye mwanga, akamtazama mpaka muuguzi akapita mara mbili. "Wewe, mtoto wa Kavindu, una pua yangu," akasema. Hakusema wajina. Nilingoja aseme, na mtoto pia alingoja, niliona.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimempigia magoti Mwaitu kule jikoni. Nimemwambia jina ni lake na la mtoto, anisamehe, tulirudishe. Alikuwa anachambua mbaazi, sasa kwa macho, na kila punje mbovu anaiinua kwanza aishangae.

"Ulilivua mbele ya kanisa," akasema. "Mimi sipokei kitu changu kwa mlango wa nyuma."

Jumamosi, 20 Desemba

Ninaogopa. Nikisimama nikasema ni mimi, kesho watataka kuombea jina langu, ama watanong'ona habari za marehemu baba yangu. Na nitawaelezaje? Niseme kuna nyuzi zinaungana na kukatana na hakuna anayeziamuru? Mimi mwenyewe nikisema hivyo nasikia kama mlevi.

Jumapili, 21 Desemba

Nilisimama wakati wa matangazo, baada ya habari za harusi. Sikupanga maneno, na yalitoka ovyo. Nilisema ugonjwa wa macho ya mtoto haukutoka kwa Mwaitu, umetoka kwangu, na kwangu ulitoka kwa baba yangu, na hakuna aliyeuomba. Nilisema ile siku ya vidole mtoto alikuwa anatazama kando. Nilisema jina la Mutindi halina kosa lolote, nalirudisha kwa wenyewe hapa hapa nilipolivulia, na anayetaka kulaumu jina alaumu Kavindu.

Mtoto wa mtu akapiga chafya. Mchungaji Kisilu alishuka, nikadhani anakuja kuninyamazisha. Akapita mbele yangu, akaenda mpaka benchi la Mwaitu, akainama. "Mama, niliomba kwa haraka. Nisamehe."

"Nimekuona vizuri sasa, Mchungaji," Mwaitu akamjibu kwa ile sauti isiyojua kunong'ona. "Nilidhani wewe ni mrefu."

Kanisa lilicheka mpaka ibada ikaharibika.

Lakini jioni, maji ya kunawa: "Wewe, mtoto wa Kavindu." Sikuelewa. Nimefanya alivyotaka. Labda na yeye hajui jinsi ya kurudi. Siulizi.

Jumatatu, 5 Januari

Shule. Ticha Kaloki amemweka benchi la mbele pembeni, na atampa karatasi zenye herufi kubwa. Aliniambia "pole" huku akiangalia viatu vyake.

Alhamisi, 8 Januari

Daktari Bushra amepiga. Majibu ya Nairobi yamekuja, ni ile protini ya kuunga kama alivyodhani. Mimi na mtoto, wote wawili. Nilimuuliza tena nani anaamua kukata na kuunga. Akasema, "Mama, ukiendelea kuuliza hivyo utaninyang'anya kazi." Bado sijajibiwa.

Jumamosi, 10 Januari

Ndengu zimevunwa, zinapigwa uani. Jua limerudi na ukali wake. Ndunge alileta kazi ya mistari ya bluu na kijani. Nilitaka kuikataa, nimwombe nyeusi na kahawia zangu.

Mwaitu akamnyang'anya mkoba wa nyuzi. Alikaa kwenye kigoda chini ya paa la ghala, akazitandaza pajani, akawa anazitenga moja moja, huku na huku, mdomo wazi kidogo. Kisha alifanya jambo ambalo msusi wa kwetu hafanyi. Alichukua mafungu ya upande mmoja akayafunga fundo mkiani.

"Mwaitu, fundo?"

"Miaka yote hiyo sikuona, vidole vilinilisha," akasema. "Nyinyi pia mna vidole. Yenye fundo ni bluu. Isiyo na fundo ni kijani. Mkifika mwisho mnakata, hakuna atakayejua."

Tulianza, mimi nikishika kitako cha kiondo, mtoto akisokota. Safu ya kwanza ikaisha. Mwaitu alikuwa amegeukia ndengu, anafukuza kuku kwa fimbo. Bila kugeuka, kwa sauti ya kila siku, akaita:

"Wajina! Lete yenye fundo."

Mtoto alisimama na paja lake jekundu kwa kusokota. Akapapasa mafungu, akapapasa tena, akachagua. Nilipokea, nikaanza safu. Ilikuwa bluu. Mwaitu ndiye aliyesema, mimi naandika nilivyoambiwa.